KOSA LISILOKUSUDIWA LINABAKI DENI

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, tunapomuumiza mwenzetu tunapenda kusema: "Nilikosea, sikukusudia." Je, neno hilo linatosha?

Kule Marekani watu wengi hununua gari kwa mkopo wa banki na kulipa kila mwezi. Asiyelipa, banki humnyang'anya gari. Lakini mwezi wa 12 mwaka 2022, ofisi ya serikali yao iliyowekwa kulinda wateja ilitangaza kwamba banki kubwa iitwayo Wells Fargo iliandika vibaya malipo ya watu, ikawatoza wasichodaiwa, na magari ya wengine ikayachukua bila haki. Haikuambiwa iombe radhi tu. Kwa makosa yake yote iliamriwa kuwalipa wateja zaidi ya dolari bilioni 2, na juu yake faini ya dolari bilioni 1.7.

Mfikirie mtu aliyelipa mwezi kwa mwezi, asubuhi akakuta gari halipo. Kazini hafiki, na majirani wanasema: "Huyu halipi madeni." Banki ikirudisha gari peke yake, imerudisha chuma. Siku za kazi zilizopotea na heshima yake, nani atazirudisha?

Mwingine atajibu: Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba umma wake umesamehewa kosa na kusahau. Ni kweli. Lakini wanavyuoni wameeleza kwamba kinachosamehewa ni dhambi. Haki ya mja haifutiki. Soma Suratin-Nisaa, aya ya 92. Hata aliyemuua Muumini kwa kukosea anaamriwa kutoa dia kwa jamaa za marehemu, ila wao wakisamehe. Tazama vizuri: kusamehe kumewekwa mkononi mwa aliyeumizwa, si mwa aliyeumiza.

Nasi hapa Kongo tusijitoe. Wengi wetu hatuna mkopo wa banki, lakini tuna madaftari ya madeni dukani, na tuna vijana wanaoendesha pikipiki ya mtu, wakimletea pesa kila siku mpaka iwe yao. Mwenye pikipiki akisahau kuandika malipo ya siku tatu, kisha akamnyang'anya kijana, kijana atashtaki wapi? Anayeshika daftari ndiye mwenye nguvu. Basi yeye ndiye amuogope Mungu zaidi.

Wewe unayelipa, shika Suratil-Baqara, aya ya 282: deni liandikwe kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Omba karatasi kila unapolipa, uitunze. Na usione haya kudai. Mtu mmoja alimdai Mtume (s.a.w.) kwa maneno makali, masahaba walipotaka kumwadhibu, Mtume aliwazuia, akawafundisha kwamba mwenye haki ana ruhusa ya kusema.

Nawe unayedai, kabla ya kunyang'anya fungua daftari mara ya pili, mbele ya mwenzako. Ukikuta umekosea, rudisha kitu chake, lipa siku alizokaa bila kazi, na safisha jina lake mbele ya waliosikia. Kisha ndipo uombe msamaha. Deni tusilolilipa hapa kwa franga, Siku ya Kiyama tutalilipa kwa thawabu zetu.

Ee Mola, tuepushe na dhulma, tunayoikusudia na tusiyoikusudia. Amin.