Anayeshika Koleo

Kwenye misiba ya huku kwetu Kilimanjaro, hachelewi mtu kusimama na kusema kwamba Mungu hutupitisha motoni ili tuwe imara kama chuma. Mimi ni mhunzi, mtoto wa mhunzi, na kauli hiyo hunikereketa. Moto haukiimarishi chuma. Moto hukilainisha; ndiyo maana tunakipiga nyundo kikiwa chekundu.

Njoo uone tindo inavyotengenezwa kwa springi ya gari kuukuu. Ukishaifua na kuichonga ncha, unairudisha kwenye makaa mpaka iwe nyekundu kiasi cha sumaku kuikataa. Kuanzia nyuzi 727 hivi, chuma hubadili mpangilio wake wa ndani na kuimeza kaboni, ambayo kwenye springi haifiki hata sehemu moja katika mia. Ukiichovya ncha ghafla, ile kaboni haipati muda wa kutoka. Inanasa humo na kukikaza chuma cha ncha hiyo. Sasa ncha ni ngumu hata tupa inateleza juu yake. Ila ukiigonga sasa hivi, itamemenyuka. Ugumu wa namna hiyo haufai kitu.

Kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Unaing'arisha ncha haraka kwa msasa, unasubiri joto lililobaki kwenye shina lishuke lenyewe hadi nchani. Hapo rangi zinatambaa: manjano ya majani makavu, kahawia, kisha zambarau, na nyuma yake buluu. Manjano ni kama nyuzi 220, buluu ni karibu 300. Zambarau ikigusa makali, unaizamisha yote. Ukipitiwa kidogo tu, imekuwa laini mno. Baba alikuwa hazungumzi na mtu katika dakika hiyo, hata mgeni akibisha hodi. Joto hili dogo, la kungojwa na kutazamwa, ndilo linalofanya tindo ikate bila kuvunjika. Sijasikia mhubiri akilitaja.

Nimeisoma Biblia nikitafuta huo moto wa kukomaza chuma. Zekaria, Malaki, Petro, hata Ayubu mwenyewe, wote wanazungumzia fedha au dhahabu, na huko moto unatenga takataka. Dhahabu ikitoka ni laini vilevile. Tanuru la chuma limo katika Kumbukumbu la Torati, lakini pale ni Misri, mahali Mungu anapowatoa watu.

Nilimwambia hivyo mchungaji wetu baada ya kumzika mke wa kijana wa jirani, aliyefariki akijifungua. Akacheka kidogo, akasema, "Mzee, wewe unataka kutunyang'anya mfano mzuri." Nikamjibu, "Mchungaji, sikunyang'anyi. Nataka tuufuate mpaka mwisho."

Maana kuna tindo zinazopasuka majini. Unasikia mlio mdogo, *ti*, na ufa umeshapita. Kijana yule tangu mazishi hasemi, hali vizuri, na wapo wanaonong'ona kwamba imani yake ilikuwa haba. Huko ni kulilaumu pande la chuma. Ni kweli vyuma havilingani; msumari wa dukani hata uuchovye mara ngapi hauwi tindo, kaboni yake ni kidogo. Lakini mhunzi anajua alichokiokota kabla hajakitia motoni. Tindo ikipasuka, hatuiulizi tindo. Tunauliza kama moto ulizidi, kama maji yalikuwa baridi mno pale palipotosha mafuta, kama kona iliachwa kali, nani aliyeshika koleo.

Mchungaji akanyamaza, kisha akauliza kama ninamshitaki Mungu. Nilimwambia Ayubu alifanya hivyo sura baada ya sura, na hakuadhibiwa. Sidhani kama alijibiwa pia; aliulizwa kuhusu bahari, mvua ya mawe na mbuni. Mimi mwenyewe sina jibu, na mfano wa chuma haunipi. Unanionyesha tu kwamba baada ya maji lazima awepo mtu wa kukaa na joto dogo, na kwa kijana yule hao ni sisi majirani, na uji, na kukaa naye kibarazani bila mahubiri.

Waliotozwa faini katika kitabu kile ni wale marafiki watatu waliokuja na maelezo: ng'ombe dume saba na kondoo dume saba.