Haki ya Mti Mjini

Huenda msomaji akastaajabu kuona twazungumza habari za mti, hali yako mambo makubwa zaidi ya kusemwa. Lakini adharauye neema iliyo mlangoni pake, twachelea asiijue neema yoyote.

Tulipokuwa watoto palikuwa na mkungu mbele ya chuo tulichosomea. Matawi yake yalitandaa tabaka juu ya tabaka. Chini yake tulimngojea mwalimu, na chini yake tuligombania kungu zilizodondoka, tukazipasua kwa jiwe tukala kiini. Tuliupenda mti ule kama jamaa.

Tulipokuwa watu wazima, majirani walitutaka shauri: je, waukate, kwa kuwa majani yake yaziba mifereji? Tukajibu kwa haraka kwamba sheria haina neno juu ya mti. Ukakatwa kabla ya adhuhuri. Siku ya pili tukawaona watoto wa chuo wamejibanza ukutani, kila mmoja akitafuta kivuli cha shubiri moja. Hapo tukatambua kwamba tulijibu pasipo elimu.

Kwani Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mwislamu apandapo mti, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Tena Mtume (s.a.w.) amekataza kwenda haja katika kivuli wanachopumzikia watu. Basi ikiwa kukichafua kivuli kwaleta laana, kukiondoa pasipo dharura kutakuwaje? Na wataalamu wa leo wamethibitisha kwamba mti haupozi kwa kivuli peke yake, bali na kwa maji uyavutayo ardhini na kuyatoa majanini yakawa mvuke.

Hatusemi mti utukuzwe. Wako wafungao vitambaa mibuyuni wakiomba haja zao, na huo ni upotevu. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar aliamrisha ukatwe mti wa Hudaybiya, watu walipoanza kuuendea kusali. Lakini baina ya kuabudu na kudharau iko njia ya kati, nayo ni shukrani.

Na shukrani haiishii kwa mti mmoja. Mkungu wetu tuliupenda kwa kuwa ulikuwa wetu. Mwarobaini wa kando ya barabara hatukuutazama, ingawa nao wamfunika mchukuzi, muuza kahawa na mgonjwa apitaye. Hapa Mombasa tuna Mwembe Tayari na Mwembe Kuku. Wazee wetu waliita mitaa kwa miti. Sisi twayataja majina kila siku, wala hatujiulizi tumewapandia nini watakaokuja.

Atakayesema kwamba majani huziba mifereji amesema kweli, lakini jawabu yake ni ufagio, si shoka.

Sisi tumepanda mche mwingine pale pale. Pengine hatutakaa chini yake. Lakini tumefundishwa kwamba hata Kiyama kikisimama na mche u mkononi, mwenye kuweza na aupande. Mwenyezi Mungu atusamehe tulioukata, na atuwafikishe katika tulioupanda. Amin.