Forodhani ni pa nani?

Mtauliza: mwalimu wa Kolwezi anatafuta nini ku Unguja? Ninajibu: ninafuata njia ya vitu vyetu.

Forodha ni nyumba ya ushuru. Pale Forodhani, mbele ya bahari, mali ya bara ilihesabiwa: pembe za ndovu, na watumwa pia, mpaka biashara yao ya baharini ilipokatazwa mwaka 1873. Pembe zingine na watu wengine walitoka huku kwetu, Garenganze ya Msiri, yeye aliyeuza na shaba. Misafara ilirudi na bunduki, vitambaa, na Kiswahili hiki ninachoandika.

Ushuru ule ulijenga. Ngome ya Waomani, ya karibu mwaka 1700, ni kuta nene tu, haina urembo. Lakini jirani yake Sultani Barghash alisimamisha Beit el Ajaib mwaka 1883: baraza pana kila gorofa, nguzo za chuma zilizokuja kwa meli, milango ya kuchongwa. Mwaka 1891 msafara wa Stairs ulianzia Unguja, na tarehe 20 Desemba Msiri akauawa Bunkeya. Kisha bandari ikahamia Malindi, na mwaka 1936 pale pa ushuru pakawa bustani ya jubilii ya Sultani Khalifa. Leo watu wanakula pweza pale jioni, watoto wanaruka baharini.

Nilionyesha picha ya zamani darasani. Binti mmoja akauliza: «Mwalimu, sasa pale njo pa nani?» Kijana akamujibu: «Njo pa bale banaikalaka pale mangaribi.» Darasa lote likakubali.

Mwalimu mwenzangu, mukubwa wangu kwa miaka, alikataa kabisa. Kwake, mahali walipohesabia babu zetu kama mizigo, mtu hapasifu, hata pawe pazuri namna gani.

Nimebeba maneno haya mawili muda murefu. Kijana ana haki: jiwe halina kosa, na masikini wa leo hakuuza mtu. Lakini anayeikala bila kujua ni mgeni tu, hata kama alizaliwa pale. Na sisi? Shaba na kobalti zinatoka Kolwezi kila siku kwa malori. Kasulo, tangu mwaka 2014, watu walichimba mashimo hata ndani ya nyumba zao, pale palipokuwa kitanda. Sultani hakujengea masikini (tusidanganyane), ila masikini amepata pa kuikala bila kulipa. Siku mgodi utakwisha, mjukuu wangu ataikala wapi? Pembeni ya shimo?

Juma lililofuata yule mukubwa aliomba kuona picha. Aliishika, akaitazama sana.

«Mudogo, ile nyumba ingali?»

«Yaya, sehemu yake kubwa ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, walipokuwa wanaitengeneza. Wafanyakazi wawili walikufa.»

Alinyamaza. Kisha akasema: «Uniachie hii picha. Kesho niko na darasa la tano.»