WENGI WANA WAJIBU GANI KWA WACHACHE?

Ukifika Matema siku ya Jumamosi, ukafuata ufuko kuelekea mashariki hadi Lyulilo, utakuta soko lisilofanana na masoko mengine ya wilaya ya Kyela. Hapo huuzwa vyungu na mitungi, mikubwa kwa midogo, ambayo huletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya Milima ya Livingstone na maji ya Ziwa Nyasa. Huenda wewe mwenyewe umekwisha kula chakula kilichopikwa katika chungu cha Ikombe, wala hukupata kuuliza ni nani aliyekifinyanga. Katika makala haya twapenda kukuwekea mbele swali moja linalowahusu watu hao, nalo si la biashara bali ni la haki: Je, kabila kubwa lina wajibu gani kwa kabila dogo lililo jirani yake?

Kwanza yafaa tuwajue Wakisi. Hao ni watu wachache wakaao katika vijiji vya pwani ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa, kuanzia Ikombe katika wilaya ya Kyela na kuendelea kusini katika wilaya ya Ludewa, hadi Lupingu na Manda. Milima imeshuka hata karibu kugusa maji, na ardhi ya kulima ni haba. Kwa sababu hiyo maisha yao yamesimama juu ya mambo mawili, yaani samaki na udongo. Wanaume huvua, na wanawake hufinyanga. Mwanamke wa Ikombe hutumia mikono yake bila gurudumu lolote la kufinyangia. Huuinua udongo pole pole, huulainisha, huupamba kwa rangi ya udongo, kisha huchoma vyombo vyake kwa moto wa wazi bila tanuri. Ufundi huu hakuusoma katika kitabu, bali ameupokea kwa mama yake, naye aliupokea kwa wake. Mwaka 1977 mtafiti S. A. C. Waane alichapisha uchunguzi mrefu juu ya ufinyanzi huo wa Ikombe, akaonyesha kwamba ni elimu kamili yenye taratibu zake. Basi asidhani mtu kwamba ni mchezo wa watu wasiojua.

Hata hivyo, watu hawa wako katika mashaka, na mashaka yao yana milango mingi.

Mlango wa kwanza ni biashara. Sufuria ya alumini na ndoo ya plastiki ni nyepesi, hazivunjiki upesi, nazo huuzwa kila duka. Chungu kimebaki kwa wale wanaojua utamu wa chakula chake na ubaridi wa maji ya mtungi. Wazee wetu walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni, nao walisema kweli. Lakini sasa yaogopwa kwamba hata hilo gae litamponyoka.

Mlango wa pili ni lugha. Shuleni mtoto wa Kikisi husoma kwa Kiswahili, na sokoni huwakuta Wanyakyusa walio wengi. Kikisi chabaki mekoni na mtumbwini. Hatusemi neno baya juu ya Kiswahili, kwani ndicho kilichotuunganisha, na kwa hicho ndugu msomaji unasoma makala haya. Lakini lugha inayosemwa mekoni peke yake hufa pamoja na bibi wa mwisho aliyekuwa akiisema.

Mlango wa tatu ni mipaka. Wakisi wamegawanywa kati ya wilaya, na katika kila wilaya wao ni wachache, hivyo sauti yao haisikiki sana penye baraza lolote. Na maji yenyewe wanayovua yamekuwa na ubishi. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wadachi walitia sahihi mkataba huko Berlin wa kugawana nchi zisizokuwa zao, na kutokana na mkataba huo Malawi na Tanzania wamevutana juu ya mpaka wa ziwa, hata mwaka 2012 mvutano ukapamba moto. Hebu fikiri: miongoni mwa waliotia sahihi mkataba ule hakuwamo mvuvi hata mmoja wa Nyasa.

Mlango wa nne ni dharau, nao twauona kuwa mbaya kuliko yote. Je, mara ngapi umesikia jina la kabila dogo likitumiwa kuwa tusi? Njaa humdhoofisha mtu kwa nje, lakini dharau humfanya auonee haya ulimi wa mama yake. Na mtu akiisha kuona haya, huhitaji tena kumfukuza; hujifukuza mwenyewe.

Sasa wapo wasemao: "Dunia inakwenda mbele. Wadogo na wameze maendeleo, waingie katika kundi kubwa, mambo yaishe." Usemi huu una sehemu ya ukweli, nasi hatupendi kuukwepa. Hapana shaka Mkisi anahitaji dawa, shule na barabara kama mwingine yeyote. Na binti wa Ikombe akipenda kuacha udongo akawa mganga au mwalimu, hiyo ni haki yake, wala hapana mwenye ruhusa ya kumfunga katika kazi ya bibi yake ili sisi tupate vyungu.

Lakini hapa ndipo penye kiini cha swali letu. Kubadilika ni jambo moja, na kubadilishwa ni jambo jingine. Huenda wewe msomaji ni mtu uliyehama kutoka imani moja kuingia nyingine, au ungali unatafuta. Basi wewe wajua tofauti hii kuliko wengi. Ulisoma, ukauliza, ukapima, kisha moyo wako ukakubali. Kama mtu angalikushika shingo akakulazimisha, au angalikuaibisha mbele ya watu mpaka ukafuata, je, ungaliita hiyo imani? Hapana. Sasa ikiwa hukubali moyo wako ulazimishwe, utakubalije kabila zima lilazimishwe kuacha makao yake, kazi yake na lugha yake, kisha jambo hilo liitwe maendeleo?

Tuna mifano ya kutosha. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hapa Tanzania ni watu wapatao elfu moja na ushei tu, wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, na lugha yao haijathibitika kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Katika miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwakusanya Yaeda Chini ili wawe wakulima. Nia haikuwa mbaya, lakini wengi waliugua katika makao yale ya msongamano, wengine wakafa, na waliosalia wakarudi porini. Miaka mingi baadaye ilijaribiwa njia nyingine. Mwaka 2011 Wahadzabe walipewa hati ya kimila ya kumiliki kwa pamoja ardhi yenye hekta zaidi ya 20,000. Njia ya kwanza iliwahamisha kutoka katika makao yao. Ya pili iliyathibitisha makao hayo kuwa mali yao. Msomaji apime mwenyewe ni ipi iliyowatendea kama binadamu.

Tazama pia Kenya. Waogiek wa msitu wa Mau waliambiwa watoke ili msitu uhifadhiwe. Shauri lao lilifika mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 mahakama hiyo ilihukumu kwamba haki zao zilivunjwa, na kwamba haikuthibitishwa kuwa wao ndio walioharibu msitu. Tarehe 23 Juni 2022 iliamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 157 za Kenya na warudishiwe ardhi ya mababu zao. Pamoja na hayo, mwezi Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa tena. Kwa hiyo usidhani kwamba hukumu peke yake yatosha pale ambapo walio wengi hawajaikubali kwa dhamiri zao.

Na huko India, ambako hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilionyesha kwamba watu wa makabila ya asili walizidi milioni 100, kampuni moja kubwa ilitaka kuchimba madini katika milima ya Niyamgiri, ambayo Wadongria Kondh huihesabu kuwa mitakatifu. Mwezi Aprili 2013 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba wanakijiji wenyewe waulizwe. Mabaraza 12 ya vijiji yaliketi, na yote 12 yakakataa. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba wanakijiji wa kawaida waliulizwa, wakajibu, na jibu lao likaheshimiwa.

Lakini liko kosa la pili, nalo huvaa nguo za huruma. Ni kule kumpenda mtu mdogo kama sanamu ya makumbusho. Katika visiwa vya Andaman watalii walikuwa wakipita kwa magari kuwatazama Wajarawa, na mwaka 2012 ulimwengu ulishtuka kuona picha za wanawake wao wakichezeshwa ngoma ili watupiwe chakula. Hata sisi hatuna budi kujihadhari. Tukienda Lyulilo kupiga picha ya mfinyanzi, kisha tukabishana naye juu ya shilingi mia, hatukumheshimu. Mwenye kumpokonya mtu makao yake na mwenye kumfanya tamasha wamekosa jambo lile lile: wote wawili hawakumwuliza.

Basi jibu letu ni hili. Wengi wana wajibu mara tatu kwa wachache. Kwanza, kuwauliza kabla ya kuwaamulia, na kuwa tayari kusikia neno "hapana". Pili, kuwalipa haki ya kazi yao na kuwaachia msingi wa maisha yao, ukiwa ni ardhi, maji au udongo. Tatu, kulinda heshima yao kwa ulimi, kwa maana dharau hutangulia na dhuluma hufuata.

Pengine utasema: "Haya ni ya serikali na mahakama, mimi ni mkulima wa mpunga tu." Sivyo. Mahakama haikai sokoni Lyulilo, wala haisikilizi mizaha yenu kilabuni na darasani. Wewe ndiwe unayekuwapo. Kisha kumbuka kwamba kila mmoja wetu ni mwingi mahali fulani na mchache mahali pengine. Mnyakyusa ni mwingi Kyela, lakini akifika Dar es Salaam huwa mmoja kati ya wengi. Kiswahili ni kikubwa mbele ya Kikisi, lakini mbele ya Kiingereza nacho hutafuta nafasi. Mizani unayompimia jirani yako leo ndiyo utakayopimiwa kesho. Na yule aaminiye kwamba Mungu ni Muumba wa wote ana sababu zaidi ya hiyo, kwa kuwa Kurani Tukufu yahesabu tofauti za lugha na rangi za wanadamu kuwa ni ishara za Muumba. Atawezaje mtu kusema ampenda Mwenye ishara, naye anaicheka ishara yenyewe?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, Jumamosi ijayo ukipita Lyulilo, nunua chungu kwa bei ya haki. Muulize aliyekifinyanga jina lake na jina la kijiji chake. Mwombe akufundishe salamu ya Kikisi, nawe umwitikie vizuri. Na mtoto wako akileta nyumbani mzaha juu ya kabila dogo, usicheke. Hayo ni mambo madogo, lakini pasipo hayo hata hati na hukumu kubwa hazitamfaa mtu. Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuwaona jirani zetu kabla hawajatoweka. Amina.