MATAMBARA CHINI YA KAMBA

Somo: Yeremia 38:1-13



Wako watu ambao hushuka kwa kamba katika mashimo marefu ya mapangoni, si kwa kutafuta dhahabu, bali kwa kupenda kuona yaliyo chini. Huenda na marafiki, maana si kazi ya mtu peke yake. Kamba hufungwa kwenye mwamba mahali pawili, ili pamoja pakiachia, pengine pashike. Hushuka mmoja mmoja. Afikaye chini hujifungua na kupaza sauti, ndipo mwenzake hufuata. Na wanachokiogopa sana ni ukingo wa jiwe. Hata kamba mpya, ikibeba mtu huku ikisuguana na jiwe, huliwa mpaka ikakatika. Kwa hiyo huweka kitambaa kizito katikati.

Tuliposoma hayo tulimkumbuka Ebedmeleki, Mkushi. Yeremia alikuwa amezama matopeni ndani ya shimo. Ebedmeleki alimwendea mfalme Sedekia, akapewa watu 30. Watu 30 na kamba wangetosha. Lakini alipita kwanza chini ya hazina, akaokota nguo kuukuu na matambara, akamteremshia nabii ayatie makwapani, chini ya kamba. Tukumbuke kwamba wale wakuu waliomtupa shimoni nao walikuwa na kamba, kwani ndizo walizomshushia. Walichokosa ni matambara.

Mwaka 2023 Mmarekani mmoja, mzoefu wa mapango, aliugua katika pango la Morca, nchini Uturuki. Alikuwa akivuja damu tumboni, naye yuko zaidi ya mita 1,000 chini. Waokoaji walikuja kutoka nchi kadhaa. Hawakuanza kwa kuvuta. Madaktari waliteremka wakamwongezea damu kule kule gizani, na wengine wakapanua njia nyembamba ili machela ipite. Ndipo akapandishwa kipande kwa kipande, na usiku wa kuamkia Septemba 12 akatoka akiwa hai.

Sasa tujitazame. Sisi wazee wa kanisa tumeketi barazani miaka mingi. Binti mmoja wa kwaya alipata mimba, tukamtenga na Meza ya Bwana. Alipoomba kurudi kundini tulikubali. Kamba tuliiteremsha, ni kweli. Lakini tulimsimamisha mbele ya watu siku ya Jumapili, mtoto mgongoni, kosa lake likasomwa kwa sauti. Kijana aliyehusika alikuwa ameketi benchi la tatu, akiimba. Wala hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekwenda nyumbani kwa yule binti kabla ya siku ile, walau kuuliza kama mtoto ananyonya vema. Alitubu, tukaandika kitabuni. Baada ya hapo hatukumwona tena kanisani, nasi kwa muda mrefu tukasema ni ugumu wa moyo wake. Sisi tuliokuwa waalimu tulipaswa kujua. Mtoto aliyeaibishwa mbele ya darasa hashiki somo, hushika aibu.

Wengine watauliza, bila nidhamu kanisa litakuwaje? Hatusemi kamba ikatwe. Yeremia hakutolewa kwa matambara matupu. Alivutwa, na kamba haina budi kukaza. Tunajua pia kwamba yeye hakuwa na kosa, na baadhi ya tunaowavuta wanalo. Lakini kwapa la mwenye kosa nalo huchubuka.

Baraza litakutana Jumamosi hii, na liko jina moja la mtu anayeomba kurudi kundini. Tumemwomba mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama atangulie kwenda kumwona, na mmoja wetu afuatane naye. Watachukua sabuni na unga kidogo. Habari ya kosa itazungumzwa naye pale pale kwake, akiwa ameketi.