Farasi Asiyekata Kamba

Katika mchezo wa Howrse, siku moja ya mchezaji ni miezi miwili ya farasi. Mchezaji anafungua zizi lake kwenye kompyuta, anamlisha farasi, anamsugua manyoya, anampa mazoezi, anamwandikisha mashindanoni, kisha anabonyeza kitufe cha kumlaza. Kesho yake mnyama amekua. Jike aliyepandishwa Jumatatu huzaa kabla ya Jumatatu ya pili. Uzee nao haukawii, na baada yake ni kifo, isipokuwa mwenye farasi awe na kile ambacho mchezo unakiita jiwe la mwanafalsafa. Farasi akipewa jiwe hilo, hafi tena.

Mchezo huo ulianzishwa Ufaransa mwaka 2005 na kampuni ya Owlient, na huko unajulikana kwa jina la Equideow. Mwaka 2011 Owlient ilinunuliwa na Ubisoft, mojawapo ya kampuni kubwa za michezo ya kompyuta duniani. Ipo mingine ya aina yake: Horse Isle ya Marekani, Horse Reality ya Uholanzi, na midogo mingi iliyozaliwa ikafa. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, ambako mbung'o na maradhi ya nagana vimezuia ufugaji wa farasi kwa karne nyingi, farasi wa kwenye kioo cha simu huenda akawa farasi pekee ambaye kijana atawahi kumiliki.

Wafugaji hawa wa mtandaoni hawachezi ovyo. Kwenye Howrse wanafukuzia namba mbili. Ya kwanza ni uwezo wa kurithi, ambao mtoto huzaliwa nao na hauongezeki maisha yake yote. Ya pili inaitwa BLUP. Hupanda kadiri farasi anavyofundishwa, anavyokomaa na anavyoshinda, mpaka kufikia kilele cha 100. Mfugaji mvumilivu hampandishi jike wake mapema. Husubiri mpaka baba na mama wote wafike 100, kwa sababu hapo ndipo mtoto huweza kuwapita wazazi wake kidogo. Kisha huanza tena na mtoto huyo, kizazi baada ya kizazi. Wengine huvutiwa na rangi, na katika michezo inayofuata jeni za kweli hujifunza mambo ambayo mwanafunzi wa biolojia huyakariri bila kuyaona: kwamba farasi wawili wekundu huzaa mwekundu tu, kwa kuwa wekundu huo haujitokezi mpaka mnyama aurithi kwa baba na kwa mama.

Herufi za BLUP hazikubuniwa na watunga mchezo. Ni jina la hesabu ya kitakwimu iliyotungwa katikati ya karne ya 20 na Charles Henderson, mtaalamu wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Henderson alitaka kukadiria thamani ya urithi wa fahali kutokana na maziwa ya mabinti zake, huku akiondoa tofauti za malisho na matunzo kati ya shamba na shamba. Hesabu hiyo ilienea duniani, na Ufaransa ikaitumia kuwapima farasi wa michezo, wakiwemo wa kuruka vikwazo. Watunga Howrse waliichukua istilahi ambayo wafugaji wa nchi yao walikuwa wameshaizoea.

Hata hivyo, katika safari hiyo kutoka zizini hadi mtandaoni kitu kimoja kiligeuka. Fahali wa Henderson alikuwepo kabla ya alama yake. Alikuwa na kwato, njaa na hasira, na alama ilijaribu tu kusema neno moja kumhusu. Farasi wa mchezo hana chochote nyuma ya alama. Namba ndiyo farasi mwenyewe, na picha yenye shungi linalopeperuka ni vazi lake. Je, inawezekana kumkosea farasi wa namna hiyo?

Mwaka 1637 mwanafalsafa René Descartes alieleza kwamba wanyama ni mitambo, kama saa zilizotengenezwa kwa ustadi mkubwa: hutembea na kutoa sauti, ila ndani hamna nafsi inayofikiri. Kwa karibu karne nne watu waliowahi kuishi na mbwa au punda wamempinga. Sasa mnyama aliyemwelezea amepatikana. Farasi wa Howrse anakula pasipo njaa, anachoka pasipo maumivu na anakufa pasipo hofu. Mwanafalsafa David Chalmers, katika kitabu chake Reality+ cha mwaka 2022, anatetea kwamba vitu vya ulimwengu wa kompyuta ni vitu halisi, vilivyofanyika kwa tarakimu badala ya udongo na mbao. Hata tukimkubalia, kuwepo ni jambo moja na kuumia ni jambo lingine.

Wapo wachezaji wasiotulizwa na jibu hilo, na chanzo cha wasiwasi wao kinaeleweka. Kila mtoto bora hutanguliwa na wengi wasiofikia kipimo. Hao huuzwa kwa bei ya kutupa au husahauliwa kwenye kona ya zizi. Mchezaji huyohuyo ana farasi wake wa kwanza, dhaifu, asiyeshinda lolote, ambaye hamuuzi kwa bei yoyote ile. Amempa jina, na jina limembadilisha.

Mwanafalsafa Immanuel Kant angekuwa na la kusema hapa. Katika mihadhara yake ya maadili huko Königsberg alifundisha kwamba mtu hana wajibu wa moja kwa moja kwa mnyama. Lakini anayempiga risasi mbwa aliyemtumikia kwa uaminifu, eti kwa kuwa amezeeka, anaujeruhi utu wake mwenyewe, na aliyezoea ukatili kwa wanyama hatakawia kuuhamishia kwa watu. Hoja hii haiwatendei haki wanyama walio hai, ambao maumivu yao ni yao. Mwanafalsafa Jeremy Bentham alilisema wazi mwaka 1789 alipoweka kipimo kuwa uwezo wa kuteseka, si uwezo wa kufikiri. Cha ajabu, hoja iliyowapunja farasi wa kweli inamkaa vizuri farasi wa mchezo, kwa maana kwake kweli hakuna wa kudhurika ila mchezaji.

Inamkaa vizuri, ila haitoshi. Mcheza sataranji humtoa farasi wake mhanga mara elfu na moyo wake usisusuwae. Tofauti ni kwamba sataranji haimwombi mtu ampende farasi wake. Mchezo wa kufuga unaomba. Unampa mnyama jina, wazazi, tarehe ya kuzaliwa na manyoya ya kusuguliwa, halafu unampanga kwenye orodha kwa tarakimu. Mchezaji anazoezwa mambo mawili juu ya kiumbe kimoja, kumbembeleza na kumkadiria bei, na yote mawili hufanyika kwenye ukurasa mmoja. Mazoezi ya kuunganisha mawili hayo ndiyo yanayostahili kutazamwa kwa makini.

Mapokeo ya Kiislamu yana mengi juu ya farasi, na mojawapo linamhusu farasi asiye hai. Abu Daud amepokea kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alirejea kutoka safari ya vita akakuta wanasesere wa Bibi Aisha, na katikati yao farasi mwenye mabawa mawili ya vipande vya nguo. Akamuuliza ni farasi gani huyu mwenye mabawa. Bibi Aisha akajibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Suleiman, ambao husemwa walikuwa na mabawa. Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Wanazuoni wengi wameitegemea hadithi hii kuruhusu wanasesere wa watoto, pamoja na makatazo makali yaliyopo juu ya kuchonga sanamu. Kwenye Howrse farasi wenye mabawa wapo pia na wana thamani kubwa. Kwa hiyo kubuni farasi, hata asiyewezekana, si mahali pa kutafutia kosa. Kicheko kile kimeshajibu.

Suleiman mwenyewe ana kisa kizito zaidi, katika Sura ya Sad ya Kurani. Jioni moja alionyeshwa farasi wazuri, wepesi, wanaosimama kwa madaha. Yalikuwa maonyesho ya farasi hasa, na akavutwa nayo mpaka jua likazama. Wafasiri wengi wanasema sala ilimpita. Akaamuru farasi warudishwe, akaanza kuigusa miguu na shingo zao. Hapa wafasiri wametofautiana. Baadhi wamesema aliwakata kwa upanga, ili aondoe kilichomshughulisha. Al-Tabari alielemea kauli iliyopokewa kwa Ibn Abbas, kwamba aliwapangusa kwa mkono kwa mapenzi, na sababu yake inafaa kusikilizwa na kila mfugaji: nabii hangewaadhibu wanyama kwa sababu tu yeye alishughulika kuwatazama, kwani wao hawana dhambi. Kosa la kupenda kupita kiasi ni la mpendaji. Farasi asitwishwe.

Pokeo la tatu, lililomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim kwa upokezi wa Abu Huraira, linakwenda mbali zaidi. Linagawa farasi kwa hali ya wamiliki wao: kwa mmoja ni thawabu, kwa mwingine ni sitara ya kumkinga na uhitaji, na kwa wa tatu ni mzigo wa dhambi, kwa kuwa amemfuga kwa fahari, ria na uadui. Mnyama ni mmoja, nia ni tatu. Msomaji wa haraka ataishia hapo na kuhukumu kwamba wafugaji wa mtandaoni, wanaofuga ili waonyeshe, ni wa kundi la tatu. Lakini ufafanuzi uliofuata juu ya yule wa kwanza ndio wenye utajiri. Amemfunga farasi wake kwa kamba ndefu malishoni. Kila anachokula ndani ya urefu wa kamba ile huandikwa wema. Farasi akikata kamba akatimka akapanda kilima kimoja au viwili, nyayo zake na hata kinyesi chake huandikwa wema. Akipita mtoni akanywa maji ambayo mwenyewe hakukusudia kumnywesha, hayo nayo huandikwa.

Wema wa mwenye farasi umefika mahali ambapo mkono wake haukufika. Farasi ametenda la kwake, kinyume na mpango, na uhusiano wa wawili hao ukapanuka hata kulibeba tendo hilo. Kufuga kiumbe ni kukubali kwamba kina matakwa, na kwamba siku moja kamba itakatika.

Farasi wa Howrse hakati kamba. Mwenyewe akifunga kompyuta, farasi hafanyi lolote. Yapo mambo ya bahati, kama mtoto atakuwa dume au jike, au rangi atakayoitoa, lakini bahati haina utashi. Upungufu mkubwa wa farasi huyu umekaa hapa, na ni mkubwa kuliko kukosa maumivu: hawezi kukataa. Mchezaji anaweza kujifunza kwake subira, hesabu, kumbukumbu ya nasaba na urafiki na wafugaji wa nchi za mbali, na hayo ni mema ya kweli. Hawezi kujifunza kuambiwa hapana na mnyama.

Na yapo mazizi ya kweli ambamo farasi hai waliwahi kufugwa kana kwamba hawana la kusema. Mwaka 1969 alizaliwa Marekani dume aliyeitwa Impressive. Mwaka 1974 alitwaa ubingwa wa dunia wa farasi wa aina ya Quarter katika mashindano ya umbo, yale ambayo mnyama hapandwi wala haruki. Husimamishwa mbele ya waamuzi wautazame mwili wake. Alikuwa na misuli iliyotuna isivyo kawaida. Kila mfugaji aliitaka misuli hiyo, na kizazi chake kikafikia makumi ya maelfu.

Baadaye baadhi ya wazao wake walianza kutetemeka. Walilegea wakaanguka chini bila kupoteza fahamu, na wengine walikufa kwa kushindwa kupumua au kwa moyo kusimama. Maradhi hayo huitwa kwa kifupi HYPP. Mwaka 1992 watafiti walitambua chanzo chake, kosa dogo katika jeni inayoongoza njia za sodiamu kwenye seli za misuli, na nasaba za wagonjwa zikarudi kwa Impressive. Nakala moja ya jeni hiyo inatosha kuleta ugonjwa. Wenye jeni hiyo walielekea kuwa na misuli minene, na misuli minene ilipata alama. Waamuzi walikuwa wakiutunuku ugonjwa bila kuujua.

Kutojua kwao kunawaondolea lawama ya miaka ya mwanzo. Kilichofuata baada ya kipimo cha damu kupatikana hakina udhuru huo. Chama cha farasi wa Quarter cha Marekani kiliitaja HYPP kuwa kasoro ya kurithi mwaka 1996, na ni kwa watoto waliozaliwa kuanzia mwaka 2007 tu ambapo kilikataa kusajili wenye nakala mbili. Katika miaka yote hiyo wapo wafugaji waliosoma majibu ya maabara, wakautazama mwili ulioshinda, wakampandisha hivyohivyo. Mnyama alikuwa ameshawaambia hapana kwa lugha aliyo nayo, kwa kutetemeka na kuanguka.

Mtu hahitaji kompyuta ili amgeuze farasi kuwa namba. Waliofanya hivyo walikuwa na tope kwenye viatu. Na huenda kijana aliyeanzia kwenye mchezo, aliyekwisha kujua nakala moja na nakala mbili kabla hajamshika farasi kwa mkono wake, akaingia zizini akiwa na elimu ambayo wafugaji wa miaka ya 1970 hawakuwa nayo. Elimu hiyo atakutana nayo tena upesi. Farasi wa Quarter mwenye nakala moja ya HYPP bado anasajiliwa, anaruhusiwa kuzalishwa, na kwa wastani nusu ya watoto wake wataipokea jeni hiyo. Uamuzi wa kumpandisha au kumwacha umeachiwa mwenye farasi.