Kumjua Mtu kwa Kumgonga

Mnunuzi wa chungu sokoni haridhiki na macho. Hukigonga kwa kidole, akasikiliza. Chungu kizima hulia vizuri. Chenye ufa sauti yake hukwama. Akili hiyo ndiyo waitumiayo wanasayansi wanaochunguza viini vya atomi, ambavyo ni vidogo mno hata havionekani kwa darubini ya mwanga. Nami kwa kuwa maisha yangu yote ya kazi nimepima watu, najiuliza: je, tukikigonga kitu twakijua kweli? Na mtu je?

Mwaka 1909 Geiger na Marsden, wasaidizi wa Rutherford mjini Manchester, walirusha chembe za alfa kwenye vibamba vyembamba vya metali. Karibu zote zilipenya. Chache mno, kiasi cha 1 katika 8,000, zilirudi nyuma. Kutokana na hizo chache, Rutherford alieleza mwaka 1911 kwamba katikati ya atomi mna kiini kidogo, kizito. Wangezihesabu zilizopenya peke yake, kiini kisingejulikana.

Kwa viini vyepesi, kama vya heliamu, protoni ni chombo kizuri cha kugongea. Lakini hesabu ya protoni zilizokengeuka kwa pembe moja haitoshi. Maumbo mengi tofauti yaweza kutoa idadi ile ile kwenye pembe hiyo. Sharti mtu ahesabu pembe hii na ile, kwa subira, mpaka hesabu zote kwa pamoja ziyakatae maumbo yasiyo ya kweli.

Namkumbuka mwanachuo mmoja aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Mkaguzi alikaa nyuma ya darasa dakika 40, akaandika: hafai. Wakufunzi wawili walikuwa wamemwona kijana huyo jioni, chini ya mwembe, akiwasomesha watoto walioshindwa kusoma, naye hajui kwamba anatazamwa. Ushahidi wao haukuwa na nafasi kwenye fomu. Akaachishwa masomo.

Sisemi kwamba mkaguzi alidanganya. Aliyoyaona aliyaona. Ila aliona kwa pembe moja, akatoa hukumu ya pembe zote. Msomaji ataniambia kwamba wanachuo ni wengi na muda ni mfupi. Kweli kabisa. Basi na tuandike "hatujamjua", wala tusiandike "hafai". Maneno hayo mawili si mamoja, na la pili huvunja maisha ya mtu.

Tena kuna suala la nguvu. Mwaka 1932 Cockcroft na Walton, mjini Cambridge, waliigonga lithiamu kwa protoni, kiini kikapasuka kuwa viini viwili vya heliamu. Elimu ilipatikana, na kile kiini cha lithiamu hakikuwapo tena. Kiini hakina uchungu, kwa hiyo hatumdai mtu fidia. Lakini mtoto anayeulizwa maswali kwa kufokewa mbele ya wenzake hupasuka, kisha sisi twaandika kwamba ndivyo alivyo.

Ipo njia nyingine. Heliamu ya kawaida ina protoni 2 na nyutroni 2. Ipo yenye nyutroni 6, ambayo nusu yake huoza kwa muda wa karibu sehemu 12 za mia za sekunde. Hiyo huwezi kuiweka mahali ukaigonga. Katika miaka ya 1990, huko Darmstadt, Ujerumani, mambo yaligeuzwa: kiini ndicho kilichorushwa, na protoni zikangoja ndani ya gesi ya haidrojeni. Ikaonekana kwamba nyutroni za ziada hutanda kwa nje, na upana wa kiini hicho ni zaidi ya mara moja na nusu ya ule wa heliamu ya kawaida.

Mgongano ni ule ule. Aliyetulia ndiye aliyebadilika. Mwalimu naye aweza kutulia, akamwacha mwanafunzi amjie na kazi yake, na mwendo wake, na swali lake mwenyewe. Hapo hujifunza yale ambayo mtihani haukuyagusa. Wahenga walikwisha tuonya kwamba nyumba njema si mlango. Nasi tulio na kalamu ya kuhukumu, tuingie kwanza ndani, au tukiri kwamba tungali barazani.